Mwanao Yara Hataki Kula

Quionga, Palma,
Jumapili, 3 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Nadia,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi ulichokuwa nacho mwezi wa sita kiwe kimekwisha. Kama bado, chemsha tangawizi unywe asubuhi na jioni, usingoje mpaka kifua kibane. Sisi huku hatujambo. Goti la shemeji yako Abdurrazaque limetulia, sasa anatembea bila fimbo. Mwanao Latifo anaendelea vizuri na shule, hesabu anazipenda, Kireno kinamtoa jasho. Mimi mwenyewe mwili ni mzima. Moyo ndio umechoka.

Haya ninayoandika hayasemeki kwenye simu. Ukipiga tu, Yara anaidaka kabla sijaitika, anaing'ang'ania mpaka mtandao unakatika. Kwa hiyo nimekaa niandike, na Tuaibo, yule muuza mitumba, atavuka nayo mpaka pale Namoto kesho kutwa akupe mkononi.

Nadia, usituletee tena biskuti.

Najua unazinunua kwa mapenzi. Najua unaupanga mfuko mwenyewe, maana naona ulivyovikunja vitu. Lakini ule wa mwisho ulikuwa na pakiti kumi na nane za biskuti, pipi, tambi za kumwagia maji moto na unga wa juisi, na yote hayo ameyachukua Yara kuwa ndiyo chakula chake. Nyingine alizificha chini ya godoro, sisimizi wakaingia, tukalala tunajikuna. Uji wa karanga anausukuma. Kisamvu nikikipakua anaziba mdomo kwa mikono miwili. Samaki anasema ananuka. Kunde anazitoa moja moja anawapa kuku. Nikimwuliza atakula nini, ananijibu, "Mama amesema akija tutakula chipsi kila siku."

Uliyasema hayo, nilikusikia. Unasema, unakata simu, mimi nabaki na sahani.

Tarehe nane ya mwezi uliopita nilimpeleka posto ya afya kupimwa. Muuguzi wetu, enfermeira Olívia, alimzungushia mkononi ule utepe wenye rangi. Kijani ni salama, nyekundu ni hatari. Wa Yara ulisimama kwenye njano. Akanitazama, akauliza, "Mtoto huyu anakula nini nyumbani?"

Kabla sijafungua mdomo Yara akamjibu, tena kwa fahari, "Nakula biskuti za mama."

Wanawake kwenye benchi walicheka. Mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kutosha nisikie, "Mtoto wa kuachiwa, utamjua tu."

Nadia, nina shamba la muhogo. Nina mpapai nyuma ya nyumba. Shemeji yako hata na goti lake hajapata kurudi kutoka pwani bila kitoweo. Na mimi nikakaa pale kama mtu asiyejua kulisha mtoto. Enfermeira Olívia hakunisema vibaya, aliniambia tu nimpe karanga, kunde, yai nikipata, kidogo kidogo mara nyingi, na nimrudishe baada ya wiki tatu. 

Sasa nitakueleza jambo ambalo nimelionea haya, lakini bora ulisikie kwangu. Jioni ile nilimshika Yara taya nikamlisha kwa nguvu. Vijiko vinne. Cha tano akatapika juu ya mkeka, juu yangu, juu yake mwenyewe, akalia mpaka sauti ikakauka. Latifo alileta maji na kitambaa, akaanza kufuta. Akaniambia bila kuniangalia, "Mama mkubwa, hata mimi ningetapika."

Nikampokea kitambaa mtoto huyo wa miaka kumi, nikafuta mwenyewe.

Kesho yake sikupika. Nilikaa kizingitini na sinia la kisamvu nilichokichuma asubuhi, majani yananyauka, mimi nimekaa tu. Latifo akarudi kutoka shule.

"Leo hatuli, mama mkubwa?"

"Leo sipiki. Anayetaka kula apike."

Nilisema kwa hasira, sikuwa na hekima yoyote, usije ukanisifu. Lakini Latifo akatua daftari, akavuta kinu, akaanza kutwanga. Yara akamwangalia, kisha akaenda kuokota majani yaliyokuwa yanaruka nje ya kinu, anayarudisha moja moja. Wakatwanga vibaya, vipande vikubwa kama vya kulisha mbuzi, wakataka kukiinjika chote kwa maji kidogo. Kisamvu kisichoiva si kitu cha kuchezea, wajua mwenyewe, ikabidi niinuke.

Nikawapa kazi. Latifo akakaa kwenye mbuzi akakuna nazi. Yara nikamnawisha mikono, akakamua tui kwenye kifumbu, lilimchuruzika mpaka viwikoni. Kisamvu kilipokwisha kuiva, tukatia tui na karanga zilizotwangwa, nikampa upawa mdogo nikamwambia, "Wewe ndiye wa chumvi. Onja, uniambie kama imekolea."

Akapuliza, akaonja. "Bado."

Nikaongeza punje chache. Akaonja tena. "Bado kidogo."

Mara ya sita nikagundua kwamba chumvi ilikwisha kukolea zamani na mwenzangu anaonja tu. Nikamwacha aonje. Niliposema tule, akasema ameshiba, nikataka kukasirika tena, ndipo nikatazama ndani ya sufuria nikaona kisamvu kilivyopungua.

Usidhani mambo yamenyooka. Kupika na watoto hawa kunanichukua muda maradufu, na mimi nina shamba linaloningoja. Jumatano Yara alimwaga tui lote la nazi mbili kwenye majivu, nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia uani. Samaki bado hamtaki, ila anakubali kumparua magamba, ananirushia usoni. Na shemeji yako alipomkuta Latifo kwenye mbuzi akakunja uso: "Mtoto wa kiume unamkalisha hapo?" Nikamwambia kama hapendi, asogee akune yeye. Akaenda kukaa barazani. Alipoletewa chakula akala sahani mbili, neno la shukrani hakutoa.

Jumanne iliyopita tulirudi posto. Utepe umesogea, lakini bado ni njano. Enfermeira Olívia akamwuliza Yara, "Siku hizi unakula?"

"Sili," akasema. "Naonja tu."

Safari hii nilicheka na mimi. Kisha nikaingia nyumbani nikakuta amepata pakiti nyingine ya biskuti ndani ya foronya ya mto, kicheko kikaisha.

Ndiyo maana nakuomba, na nisamehe kama maneno ni makali. Unapikia wanafunzi mia mbili wa bweni huko Mtwara, kila siku unajua nani kala na nani kabakisha. Mwanao mkono wake uko kwenye njano. Neno hili limenitoka, nimelisoma tena, silifuti. Najua hukuondoka kwa kupenda. Najua ile ada ya Latifo na mabati haya juu ya kichwa changu yanatoka kwenye jasho lako. Lakini mimi siwezi kushindana na mfuko.

Ukitaka kuleta kitu, leta sufuria ndogo yenye mikono miwili ambayo Yara ataweza kuishika. Ukipiga simu, usimwulize anataka nini. Mwulize leo kapika nini, naye atakueleza mpaka mtandao ukatike. Na hicho unachowapikia wale wanafunzi, mfundishe, hatua kwa hatua, mimi nitasimama kando nimshikie simu. Chipsi usimwahidi tena. Mwahidi siku ya kuja, na siku hiyo uje.

Jambo la mwisho, ambalo sikumwambia hata shemeji yako. Ijumaa tulikuwa tunapika kunde. Yara amechutama mbele ya jiko, uso umejaa moshi, mikono imejaa unga. Bila kugeuka akanyoosha mkono nyuma akasema, "Mama, nipe chumvi."

Hakusema mama mkubwa. Wala hakujua kama amesema. Nikampa chumvi, sikumsahihisha, na toka siku hiyo sina raha. Njoo, Nadia. Hata kwa siku tatu, shule ya huko ikifunga. Njoo mpike pamoja, kabla hajazoea.

Latifo anakusalimu sana. Shemeji yako anasema hajambo, na kwamba anangoja dawa ya kuchua. Bi Saquina, shangazi yetu, anakuombea kila baada ya sala ya alfajiri. Nisalimie mwenye nyumba wako na watoto wake.

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, akubariki kazi ya mikono yako, na akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata katika hasira zangu,

Sumaia