Mstari Uliouacha Kwenye Seva

Wafula, ndugu yangu,

Mara tatu nimeanza barua hii nikalifuta neno "ndugu". Sasa nimeliacha, maana sina lingine la kukuita.

Miezi mitano imepita tangu moyo wako usimame ukiwa lindoni huko Jeddah. Mwili ulifika Kimilili salama. Mama yako alinipigia baada ya mazishi, akasema watu walijaa mpaka barabarani, na wasichana wawili waliorudi kutoka Saudia walisimama wakaeleza ulivyowasaidia. Nililia nikiwa ndani ya gari la madam, nje ya shule ya watoto wake hapa Al-Malqa, Riyadh, nikajifuta uso kabla hawajatoka.

Ni mimi niliyekuja chumbani kwako Ruwais, huko Jeddah, kuchukua vitu vyako. Wenzako wa chumbani walinikabidhi begi moja na ile kompyuta kuukuu yenye kioo kilichopasuka, ambayo ndani yake uliweka seva yetu ya ujumbe. "Chukua wewe, Simiyu," walisema, "wewe ndiye mwanafunzi wake."

Kweli nilikuwa mwanafunzi wako. Mimi dereva, niliyejua tu kuwasha kompyuta na kuizima, ulinifundisha mfumo wa kompyuta wa Linux kwa simu, wewe Jeddah mimi Riyadh. Ulinisomea amri herufi kwa herufi: nafasi, kistari, herufi ndogo. Nikikosea ulicheka, ukaniita jirani kwa kuwa kwetu ni karibu na kwenu. "Yalla, haya, jirani, rudia. Mashine haina haraka." Ukanieleza kwa nini tuwe na seva yetu wenyewe: ili Mkenya aliye ndani ya nyumba ya watu aseme shida yake bila kafili aliyemwajiri wala ajenti kujua. Ukaniapia kwamba hata wewe uliyeiweka huwezi kusoma tunayoandikiana.

Nikakuamini. Ndiyo maana mimi na Mwende tuliandikiana humo bila woga. Unakumbuka, Mwende yule wa Machakos anayefanya kazi Al-Hamra. Kaka ya madam wake alikuwa anatafuta dereva, naye akaniombea nafasi. Tulikuwa wawili tu kwenye mazungumzo hayo.

Siku nne baadaye kafili wangu aliniita uani. "Unataka kafili mwingine? Halas. Mafi likizo." Yaani basi, hakuna likizo, ile niliyoiomba niende kumwona baba. Ulijua anaumwa. Ulijua, Wafula. Baba alizikwa nami niko hapa naosha magari.

Ulinipigia ukalia pamoja nami. Nikakuuliza ni nani aliyenichoma. Ukasema, "Si mlikuwa wawili tu?"

Maneno hayo tu. Nami nikamgeukia Mwende mbele ya kikundi kizima cha Wakenya kwenye seva, nikamwita msaliti. Aliandika, "Simiyu, haki ya Mungu si mimi." Sikumjibu. Wewe ndiye uliyefuta akaunti yake.

Mwezi uliopita kompyuta yako ilianza kujizima yenyewe. Nikapata nyingine, na Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana nikakaa nayo. Niliweka Linux upya. Nikaweka programu ya seva kutoka mwanzo, amri moja baada ya nyingine, na kila ilipokubali nilitamani kukupigia nikuambie. Ilibaki mipangilio. Ningeweza kunakili faili lako zima na kuendelea, lakini uliniambia nisikubali mstari nisioujua maana yake. Kwa hiyo nikasoma.

Katikati kulikuwa na mstari ambao hukuwahi kunifundisha. Uliiagiza seva ipeleke nakala ya kila ujumbe, wa kila mtu, kwa mtumiaji mmoja. Nikadhani ulikosea. Nikafungua akaunti ya mtumiaji huyo nione ni nani.

Alikuwa ajenti aliyekuleta huku, ndiye pia aliyenipeleka kwa kafili wangu. Na majibu yako yalikuwa humo. "Dereva wa Al-Malqa anahama. Mwende ndiye anamtafutia." Chini yake umeandika, "Na ikama yangu?" Naye anajibu, "Wiki ijayo." Nimeyasoma yote. Wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka ulipokufa.

Nilijua ikama yako, kile kibali cha kuishi huku, imeisha muda. Kila nilipomleta madam Jeddah tulitembea nawe, ukiona gari la polisi unavuka barabara. Ungeniambia. Wafula, ungeniambia tu! Ningekuficha, ningekuombea kwa watu, ningefanya jambo. Badala yake ukaniuza kwa ajenti. Kisha ukanipigia ukalia, na mpaka leo sijui yale machozi yalikuwa ya nini.

Niliufuta mstari ule. Nikaandika mipangilio yangu mwenyewe, nikaiwasha seva, ikaitika. Sikufurahi.

Halafu nikamtafuta Mwende kwa simu. Nilipomaliza kumweleza aliendelea kuosha vyombo. Kisha akasema, "Nilikuambia ukakataa kunisikia. Na baba yako nilimlilia, Simiyu, peke yangu humu jikoni." Hajarudi kwenye kikundi. Anasema atarudi siku ambayo wote walioona akifukuzwa wataambiwa kwa nini.

Ana haki. Nimechelewa kwa sababu ya mama yako. Kuna watu wa Kimilili kwenye kikundi, na habari itamfikia. Kwa hiyo kesho nitampigia mimi kwanza, asiisikie kwa wengine. Sijui nitaanzaje. Nitamwambia pia kwamba wale wasichana wawili hawakusema uongo, kwa sababu hawakusema uongo, na hilo ndilo linalonitesa.

Baada yake nitawaandikia wote, nikitaja jina lako na jina langu. Wewe uliuza maneno yetu. Mimi nilimfukuza asiye na kosa bila kumuuliza hata swali moja. Na atakayetaka kuikagua seva nitamfungulia aisome mstari kwa mstari. Hiyo ni ahadi.

Kwaheri, Wafula. Sijakusamehe, na sitaki kukudanganya kwamba karibu nitakusamehe. Nikipata likizo nitafika kaburini kwako, nitakaa. Lakini nitaanzia kwa baba.

Simiyu