Sarafu za Udongo na Meza Isiyo na Watu

Mpendwa Bi Arlys,

Naomba msaada, na kabla hujaanza kunigombeza naomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu najua unavyowakaanga wanaume kwenye ukurasa huu na mke wangu Connie hukata majibu yako akayabandika kwenye friji, lakini safari hii mimi sina kosa, ninachotaka ni ushauri wa vitu tu: ninunue sarafu gani za poka, yaani vile visahani vya rangi tunavyoweka mezani badala ya fedha, ili rafiki zangu warudi kwangu.

Sisi hucheza kila Jumanne katika chumba cha chini ya nyumba yangu, wanaume sita, na tumecheza humo tangu watoto wetu wakiwa shule ya msingi hadi sasa wanatuletea wajukuu, dau letu ni la senti, na hata mtu akishinda usiku kucha anarudi kwake na bei ya kikombe cha kahawa. Sarafu zetu zilikuwa za plastiki, nyepesi, zile za duka la dawa, zinakaa kwenye kisanduku cha duara kinachozunguka, na nyingine mbwa alizitafuna na nyingine wajukuu walizipoteza, hasa za buluu ambazo ndizo za thamani kubwa, moja sawa na nyekundu tano, basi mahali pa za buluu tukawa tunatumia vifungo vya koti vya kahawia ambavyo rafiki yangu Wendell alivitoa kwenye bati la kushonea la mkewe, na hakuna aliyelalamika kwa sababu hatukujua kwamba duniani kuna kitu bora.

Halafu nikastaafu pale kwenye ghala la mahindi, mpwa wangu akanipeleka kasino ya Iowa kunipongeza, na huko Bi Arlys ndiko nilikozisikia. Nasema nilizisikia, sikusema niliziona. Sarafu za udongo ukizigonganisha zinatoa sauti ya chini, ya adabu, lakini zetu za plastiki zilikuwa zinalia kama meno ya bandia kwenye glasi, na niliporudi nyumbani sikuweza tena kuzivumilia, nikaanza kusoma habari za sarafu mpaka Connie akasema angalau wanaume wengine wakistaafu wanavua samaki.

Nilianza na bajeti ndogo, za dola arobaini, plastiki yenye chuma ndani, nzito, pamoja na sanduku la alumini. Rog anayeuza mbegu akaishika moja akasema, "Duh! Hii ukimrushia mtu unafungwa." Zilikuwa zinateleza, ukizipanga zinaporomoka, na kila zikiporomoka Rog anapiga kelele "Tetemeko!" nami roho inaniuma. Basi nikapanda bajeti ya kati, nikanunua za kauri, nzuri kweli, zimechapwa namba, ila namba nilizichagua kwa uzuri wake, ndogo kabisa ikawa mia na kubwa elfu kumi, na kwa kuwa sisi ni watu wa senti ikabidi elfu kumi iwe dola moja, na zile ndogo niliagiza chache kwa hiyo kila mzunguko wa karata mtu anaomba chenji na chenji hakuna. Wendell akaishika ile ya elfu kumi akasema, "Lowell, mimi tangu nizaliwe sijashika elfu kumi, na leo nimeishika halafu haitoshi hata soda." Wote wakacheka, na mimi nikaona dawa ni kupanda zaidi.

Hizo za tatu ndizo za udongo wenyewe, za kufinyangwa kwa mashine kama za kasino, zimewekwa herufi za jina langu katikati, zimechukua miezi kutengenezwa, na bei siitaji hapa kwa sababu Connie anasoma ukurasa huu. Sasa udongo, Bi Arlys, unanyonya mafuta, na huwezi kuutupa kwenye mashine ya kuoshea vyombo, kwa hiyo nikaweka taratibu ambazo mtu yeyote mwenye akili angeziweka: kunawa mikono kabla ya kushuka, kitambaa kwa kila mtu, na chakula kisikaribie meza. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana Jumanne tunakula supu ya maharage na nyama ya kusaga, na pamoja nayo mikate ya mdalasini iliyomiminiwa sukari juu, kama tulivyolishwa sote shuleni, na mikate hiyo huleta Wendell, zamani ilikuwa kazi ya marehemu mkewe Bernadine na alipofariki Wendell mwenyewe akajifunza kuoka, mwanzoni ilikuwa migumu tukaila hivyo hivyo, siku hizi ni mizuri sana, lakini ile sukari inanata, wewe fikiria.

Basi nilimwambia kwa upole kabisa, "Wendell, ndugu yangu, mikate iache pale ngazini."

"Ngazini?"

"Si unaona hizi za sasa ni za udongo. Ukizishika na sukari zimekwisha."

"Bernadine hajawahi kuweka mikate yake ngazini."

"Enzi za Bernadine tulikuwa na plastiki, bwana."

Akaiweka ngazini. Mbwa akaila yote, na sinia akalilamba, na mimi nikacheka, pengine hapo sikupaswa kucheka. Wendell alicheza mpaka mwisho, akakunja kitambaa chake vizuri, akashukuru, akachukua sinia lake akaenda. Jumanne iliyofuata ana kikohozi. Rog naye akasema theluji, na theluji yenyewe ilikuwa ya kufutwa kwa mkono wa sweta. Mmoja baada ya mwingine wakapata udhuru, na sasa nashuka peke yangu nazipanga kwa rangi, nagonganisha mbili naisikia ile sauti, halafu napanda juu kulala. Connie ameniambia, "We mzee, hata uzipange vipi, hazitakaa vitini." Juzi Jumanne nimepita barabara ya makaburini nikaona gari la Rog nje kwa Wendell, na magari ya wengine wote.

Kwa hiyo swali langu ni hili. Je, nilikosea kwenye udongo, nishuke nirudi kwenye kauri isiyo na namba ambayo inafutika, au kuna aina nyingine nisiyoijua, na je bajeti ya watu sita ni sarafu ngapi? Za zamani siwezi kurudia, nilizipeleka kwenye mauzo ya mitumba ya kanisa, kisanduku na vifungo na vyote. Nisaidie, maana chumba kile kina ukimya ambao sijauzoea.

Ni mimi,
Mwenye Meza Tupu

Jibu:

Mwenye Meza Tupu, habari yako, Lowell.

Usishtuke. Umejificha vizuri, ila mji huu una mtu mmoja tu aliyeagiza sarafu zenye herufi za jina lake, na tarishi wa posta aliyelibeba lile boksi mgongo umemuuma mpaka leo na hajamficha mtu. Halafu umewataja wenzako kwa majina, mzee wangu. Nawe Connie, kama unasoma, bei ninaijua, njoo tunywe kahawa.

Umeuliza kuhusu sarafu, nitakujibu kuhusu sarafu, asije mtu akasema Arlys anakwepa maswali. Mwenye dola thelathini au arobaini anunue za plastiki, ziwe na chuma ndani akitaka uzito, lakini zisiwe na namba, ili leo nyeupe iwe senti tano na kesho ikiwa harusi iwe robo dola. Watu sita wanatoshwa na mia tatu, mia nne kama wanapenda kujiona matajiri, na nyingi ziwe za thamani ndogo, kwa sababu ndizo zinazotembea mezani. Kila mama aliyewahi kuuza limau na maji ya sukari mbele ya nyumba anajua kwamba bila chenji hakuna biashara. Wewe umepima mahindi ya watu maisha yako yote na hukulijua. Mwenye mia moja au mbili achukue kauri, anafuta kwa kitambaa chenye maji na maisha yanaendelea. Na mwenye fedha za kuchezea achukue udongo, ni kitu kizuri, sikukatazi. Ila nakupa kipimo kimoja ambacho wauzaji hawakukiandika: ukinunua sarafu ambayo huwezi kumwachia rafiki yako aishike na mkono aliokuja nao, umenunua nje ya bajeti yako, hata kama hundi yako imepita benki.

Hayo ni ya sarafu. Sasa kaa chini.

Wanaume watano hawaji kwako kila Jumanne kwa ajili ya poka. Mngekuwa mnapenda poka msingecheza vibaya hivyo. Mmeshindwa kusema "nimekukumbuka" tangu mlipoota ndevu, kwa hiyo mnasema "naongeza tano," na mimi sina ugomvi na hilo, kila watu na lugha yao. Wendell ni mgane. Hana la kusema kuhusu Bernadine, hajawahi kulisema mbele yenu, alichoweza ni kununua unga. Mkala ile migumu ya mwanzo bila kukunja uso, na hapo Lowell mlikuwa watu wazuri kuliko mnavyojijua. Halafu ukampeleka ngazini. Na mbwa alipokula ukacheka, na kitambaa ukampa!

Nimekugombeza kwa sababu barua yako imenisikitisha. Umeandika mistari na mistari juu ya sauti ya udongo, na vifungo vya Bernadine umevitaja ukipita, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mpaka unafunga barua hujagundua ulichopeleka kwenye mitumba.

Nami nitakuambia, kwa sababu siku ile ya mauzo ya kanisa aliyekaa kwenye meza ya vyombo na michezo nilikuwa mimi. Wendell alikuja asubuhi kutuletea mikate ya kuuza. Akakiona kisanduku cha duara katikati ya mafumbo ya picha za kupanga vipande na vikombe visivyo na wenza. Akakifungua, akatoa kifungo kimoja cha kahawia, akakiangalia. Nikamwambia, "Wendell, chukua tu, cha bure." Akasema, "Hapana, Arlys, hiki nakilipia." Akakirudisha kifungo ndani, akalipia kisanduku kizima akaondoka nacho kifuani. Nilidhani wewe Lowell uliyekileta umepoteza akili kwa kuzeeka. Sikujua kwamba ulikuwa umepanda bajeti.

Basi ushauri wangu ni huu, na usiupunguze. Sarafu zako za udongo ziweke juu ya meza yako na uziache hapo, mkataze mbwa, usimkataze mtu. Usinunue nyingine. Jumanne hii usishuke chini. Nenda kwa Wendell, ingia kwa mlango wa jikoni kama mtu wa nyumbani, na usibebe zawadi, maana nakujua, utanunua sinia la fedha. Usitoe hotuba. Sema "nilikosea juu ya mikate," maneno hayo tu, kisha ukae, uchukue mkate, ule kwa vidole, na kwa mikono hiyo hiyo inayonata ugawe karata.

Nilimpigia Wendell kabla ya kuandika jibu hili, nikamuuliza kama kwake kuna nafasi. Nikasikia anafungua mlango wa jiko la kuokea. Akasema wanacheza watano na viti ameweka sita tangu siku ya kwanza, Rog aliwahi kuweka koti lake kwenye hicho cha sita na akaambiwa aliondoe.

Halafu akasema, "Mwambie kifungo bado ni sawa na nyekundu tano. Hatujabadilisha."