Paipu ya Hewa Haikukuua, Baba

Baba,

Leo wamesema tena. Nilikuwa sokoni Karatina nikishusha kabichi, na mwanamke ambaye hata simjui akamwambia mwenzake, "Huyu ndiye msichana wa yule mzee alifunga paipu ya mashindano kwa pikapu, ikamuua." Alisema hivyo huku akizibonyeza kabichi zangu moja moja. Nilitaka kumnyang'anya ile aliyoishika. Nikamuuzia. Lakini nimerudi Endarasha na hasira inayokataa kukaa tumboni, na kwa kuwa hasira zangu zote nilikuwa nikikuletea wewe, nakuandikia.

Ile paipu haikukuua. Mimi najua, Mama anajua, na sasa hata Baba Mdogo Mwangi amekubali kwamba alijua tangu mwanzo. Nitafika huko. Kwanza nataka kuikumbuka ile Jumamosi kabla hawajaimaliza yote kwa midomo yao.

Pikapu yako ilikuwa imeanza kuchoka. Ukiipakia kabichi na jua likiwaka, ikifika mlimani inahema kama ng'ombe mwenye mafua. Mafundi wa Nyeri walitaka kuifungua injini yote. Wewe ukakataa, ukasema injini ni nzima, kinachoiua ni hewa. Ile eya klina, sanduku la kuchuja hewa, iliyokuja nayo ilikuwa inavuta hewa ya pale pale chini ya boneti, hewa iliyokwisha kupikwa na injini yenyewe. "Hata wewe, Maitu, ukifungiwa jikoni na moshi, utapanda mlima?" Hivyo ndivyo ulivyonieleza. Wengine wanaitwa Wangui tu na baba zao. Mimi nilipewa jina la mama yako, kwa hiyo uliniita Maitu, mama yangu, hata siku za kunigombeza.

Ukaenda Nairobi kwa mtu anayevunja magari ya mashindano, ukarudi na paipu ya aluminiamu yenye kona mbili, na chujio jekundu, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, umelifunga kwa gazeti kama mkate. Jumamosi hiyo tulifanya kazi nje ya ghala. Tulilitoa lile sanduku la zamani, tukaisogeza betri, ukatoboa matundu madogo kwa mduara kwenye bati lililo nyuma ya taa ya kulia, kisha ukayaunganisha kwa tindo na nyundo mpaka kipande kikadondoka, paipu ipate kuvuta hewa baridi ya nje. Mimi nilipiga tupa kingo zake na kuzivika raba ya tyubu kuukuu ili zisiikwaruze paipu. Ulitaka ukuta wa kuzuia joto la injini lisilifikie chujio, ukakata debe. Mama akasema kutoka mlangoni, "Hiyo debe iko na mwenyewe," nawe ukajibu bila kuinua kichwa kwamba mwenyewe atapelekwa kanisani na gari isiyokohoa.

Kisha ukaniagiza donge la ugali wa jana. Nilifikiri una njaa. Ukaliweka juu ya kona ya paipu, ukafunga boneti, ukafungua, ukatazama lilivyobonyea. Lilikuwa limebaki na unene wa kidole. "Haigusi," ukasema, ukampa kuku lile donge. Tangu siku hiyo nimewaona mafundi wengi wakifunga vitu, na sijamwona mmoja aliyepima kwa ugali.

Tukaenda mpaka Mweiga na kurudi. Wale wanaosema uliigeuza kuwa ndege wangekuwa ndani nasi. Haikukimbia, Baba. Ilipanda tu bila kuhema. Ulizima kaseti ili uisikie. "Sikia," ukasema, "inapumua kwa pua." Ukacheka peke yako mpaka nyumbani.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Uliondoka asubuhi na kabichi, ukungu umeshuka kutoka msituni mpaka barabarani, nami nikabaki shambani kukata mzigo wa pili. Kwenye ile kona ya kupanda, kabla ya kufika kwa jirani yetu Mama Nyambura, lori la mbao lilikuwa limeharibika tangu jana yake jioni na likaachwa katikati ya njia. Mbao ndefu zilitokeza nyuma, usawa wa kioo chako. Hakukuwa na kitambaa chekundu kwenye ncha zake. Hakukuwa na hata tawi moja barabarani, Baba, na katika nchi hii hata mlevi akiharibikiwa na gari hukata matawi.

Nikuambie mazishi yako yalivyokuwa, maana ulilala tu pale hukuweza kujibu. Mwenye lori alikuja na jeneza zuri na magunia ya mchele. Wakamketisha mbele, kwenye kiti chenye mto, kando ya wazee wa ukoo. Baba Mdogo Mwangi, ndugu yako wa kukufuata, ambaye hupakia mbao kwa huyo huyo tajiri, akapewa nafasi ya kusema kwa niaba ya familia. Akavua kofia. "Ndugu yangu alikuwa mtu mzuri," akasema, "lakini alipenda mwendo. Alifunga kitu ya mashindano kwa gari ya kabichi. Nyinyi vijana mjifunze." Watu wakatikisa vichwa. Mhubiri akalidaka neno hilo, akahubiri kuhusu haraka za dunia hii juu ya kaburi lako. Wewe, uliyekuwa ukisimamisha gari ili kuku avuke. Nilisimama niseme, shangazi akanivuta sketi. "Keti chini, usiaibishe watu." Waliokuwa wakikuaibisha walikuwa wakisubiri wali.

Nilikaa na jambo hilo kama mtu aliyemeza mfupa. Ndipo siku moja Mama Nyambura akaja kutuletea maziwa, akaketi na Mama, akasema hivi, nami nilikuwa pale: "Asubuhi hiyo nilikuwa nakamua. Nilisikia gari ya Baba Wangui ikipanda na gia ya pili, pole pole. Nikajiambia, huyo anaenda soko. Halafu nikasikia kishindo, si kikubwa. Nilidhani ni kabichi zimemwagika." Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ya mazishi. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Nikamwambia Baba Mdogo tunaenda kituo cha polisi kuchukua jeki na vifaa vyako, tunahitaji mwanamume wa kuinua. Alikuja shingo upande. Mama pia akaja. Pikapu iko nyuma ya kituo, majani yameanza kuota chini yake. Paa halipo, kioo hakipo, na sitakuandikia zaidi ya hapo. Lakini mbele, Baba. Mbele ni kama ulivyoiacha. Boneti ilifunguka kwa mkono mmoja. Taa ya kulia ni nzima, na kioo chake. Paipu haijapinda. Klampu zinazoibana ziko tulipozikaza. Hata lile debe la Mama limesimama wima. Mbao zilipita juu ya hivyo vyote.

Nikasema, "Baba Mdogo, nionyeshe hapa ni wapi paipu ilimuua. Gari iliyokuwa inakimbia kama ndege, taa yake imepona namna gani?"

Akaizungusha kofia mikononi. Kisha akaongea akiwa ameitazama ile taa, si sisi.

"Niliambiwa nikate matawi."

Mama akasema, "Nini?"

"Lori iliharibika jioni, mimi nilikuwa juu ya mbao. Dereva akaniambia nikate matawi niweke nyuma na mbele, nifunge kitambaa. Mvua ilikuwa nyingi. Nikasema ati nani atapita hapa. Nikaenda nyumbani. Kesho yake nikasikia ni nani alipita." Akaivaa kofia. "Mwenye lori akaniambia tuseme ni mwendo. Paipu ilikuwa hapo, imeng'aa. Ilikuwa rahisi."

Rahisi. Hilo ndilo neno alilotumia, Baba.

Mama aliketi juu ya gurudumu lililotupwa pale. Hakulia. Alimwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Na wali wa mazishi yake ukaongezewa mara mbili. Nilikupakulia mimi mwenyewe."

Nilikuwa nimeenda na spana ili niifungue paipu nirudi nayo. Baba Mdogo, kwa kutojua afanye nini na mikono yake, akataka kunisaidia. Nikamwambia asiiguse. Halafu nikafikiri, nikazirudisha spana mfukoni na kufunga boneti. Ikae pale pale, hakimu aje aione kwa macho yake. Palepale nikamshika Baba Mdogo mkono wa koti na kumwingiza ndani ya kituo, na yale aliyotuambia akayarudia mbele ya polisi. Sikumlazimisha kusema. Nilimlazimisha kutembea tu.

Mwenye lori amemfukuza kazi. Kesi itasikizwa Nyeri. Shangazi yule wa sketi sasa anasema mimi nitavunja ukoo. Mwenye lori ametuma watu mara mbili kuzungumza "kama majirani", na Mama amewapa chai na kuwaonyesha njia ya lango. Lori zake bado zinapita hapa, na mbao bado zinatokeza nyuma, kana kwamba wewe ulikuwa tone la mvua tu.

Baba Mdogo huja jioni, anapasua kuni bila kuambiwa. Mama humpa chai. Mimi simpelekei. Najua ungesema, "Maitu, huyo ni ndugu yangu." Usiniambie. Kumwacha mtu auawe na uvivu wako ni jambo moja, na pengine siku moja nitaweza kulibeba. Kusimama kaburini mwake na kumwita mpenda mwendo ni jambo lingine, na hilo bado sijapata mahali pa kuliweka.

Sasa naendesha pikapu ya kukodi kutoka Kangema, mgonjwa kuliko yako ilivyokuwa. Kesi ikiisha nitaitoa ile paipu na kuifunga kwenye gari letu wenyewe, tukilipata, na tundu nitalitoboa mimi.

Sitakuambia kwaheri ya machozi, nimechoka nayo. Lala salama, Baba, na usijisumbue kujitetea huko uliko. Nakuahidi siku hiyo Nyeri nitavaa lile gauni la kanisani na sitaketi nikivutwa. Wakiniuliza ulikuwa ukienda kwa mwendo gani, nitawaambia: mwendo wa mtu aliyebeba kabichi, anayepanda mlima, na ambaye nyumbani anangojwa.

Maitu wako,
Wangui