Ubao wa Karanga wa Marehemu Mama

Mpendwa mshauri Bi Ernestine, naomba unishike mkono, maana mwenzio nimekwama. Mimi ni mkaguzi wa mabango katika mji wetu mdogo hapa Georgia, Marekani, na baba yangu, Mzee Otha, anauza karanga za kuchemsha kando ya barabara kuu, sasa baraza la mji limepiga marufuku mabango ya biashara, eti yanaharibu sura ya mji, ila ya kanisa na ya uchaguzi yaachwe, basi baba akachukua rangi akaandika "MCHAGUE OTHA, MGOMBEA WA KARANGA ZA MOTO", mji mzima ukacheka, mimi nikajificha, na kama hayo hayatoshi akaongeza jingine, "ZINASHUSHA PRESHA". Meya kaniambia niyang'oe yote kabla ya Jumatatu au nitafute kazi nyingine, na kati ya hayo upo ubao wa zamani, "KARANGA ZA MOTO. PUNGUZA MWENDO, MPENZI", aliouandika marehemu mama kwa mkono wake, na nilipoushika tu baba akasema, "Ng'oa, mwanangu. Lakini uning'oe na mimi." Nifanyeje?
Rochelle

Rochelle binti yangu, pole. Pole ya msiba kwanza, ya kazi baadaye.

Lile bango la presha ling'oe leo hii! Karanga zenye chumvi vile zishushe presha ya nani? Sheria hailindi tangazo la uongo. Na huo ugombea wake, mwambie Mzee Otha nimecheka, ila aache.

Ubao wa mama usiuguse. Mji unaweza kupanga ukubwa wa mabango na umbali wake kutoka barabarani, kwa wote sawasawa. Hauwezi kuamua la kanisa libaki na la karanga liondoke kwa kuwa tu wakubwa hawalipendi. Hata muuzaji ana haki ya kusema kweli anauza nini, na anayetaka kumnyamazisha awe na sababu nzito. Wewe mkaguzi mzima hukuliuliza hilo? Kamwone mwanasheria wa mji kabla ya meya, asome upya walichopitisha. Atawatuliza meya na baraza mwenyewe, hakuna mji unaotaka kushtakiwa na mzee muuza karanga. Kama ubao uko karibu mno na lami, usogezeni nyuma wewe na baba, kila mtu ashike upande wake.

Halafu, mwanangu, barua nzima umeniambia baba kasema nini na meya kasema nini. Hujaniambia kama wewe umemlilia mama yako. Jumapili nenda pale penye ubao bila koleo la kung'olea. Kaa na baba yako, mle karanga, umwambie nawe unamkumbuka mama.