Kengele Iliyokata Tamaa

Kengele ya wodi ya watoto haikulia leo. Mtoto alikuwa akikosa oksijeni, na aliyemwahi ni muuguzi mkuu kwa macho yake, si programu yetu.

Yu hai. Nakuambia mapema.

Programu ilipokuwa ikituma kengele, mfumo wa kompyuta uliikatiza kwa ishara. Hilo ni la kawaida: huachwa namba ya kosa isemayo "umekatizwa, jaribu tena". Lakini kipande cha programu kinachopokea ishara kilishindwa kazi yake nyingine, kikaandika namba yake juu ya ile. Programu ikasoma namba isiyo yake, ikaacha kujaribu.

Kilitakiwa kuihifadhi namba ya kwanza kikiingia na kuirudisha kikitoka. Mistari miwili ya programu, ndugu yangu. Miwili!

Aliyekiandika ni shemeji, mume wa dada. Aliyekikagua ni mimi.

Hospitali ilipotuita kikaoni tujieleze, akaninong'oneza, "Shemeji, sema umeme ulikatika. Funika kombe."

Muuguzi mkuu akauliza, "Jamani, niiamini mashine hii au nisiiamini?"

Shemeji akanikanyaga mguu chini ya meza. Akanikanyaga, mtu mzima!

Nikasimama. "Usiiamini, mama. Kosa ni letu, na wodi nyingine zinatumia programu hiyohiyo."

Tumesimamishwa kazi sote wawili.

Dada amenipigia sasa hivi akilia: "Kaka, umemtupa mume wangu kwa ajili ya nani?"

Mtoto yule hata jina lake silijui.