Feni Mbili Zisizosikika na Sauti ya Baba Mkwe

Jumamosi, Bulyaga. Asubuhi ukungu mpaka mlangoni, mchana jua la kubabaisha, mvua hakuna. Mvua hakuna! Mkazi yeyote wa Tukuyu akisoma hapa anajua kwamba hilo peke yake linatosha kuandikwa.

Shajara yangu, niache niringe kwanza. Maelezo yatafuata.

Nimeshinda.

Haya, kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni nesi, Mnyiramba wa Singida, niliyeletwa Rungwe na kazi nikabakishwa na mwanaume anayeitwa Lusajo. Mchana nachoma watu sindano. Jioni narekodi kwaya sebuleni kwangu, kwa kompyuta niliyoiunga kwa mikono yangu, kipande hiki kutoka Mbeya, kile kutoka Dar, karibu vyote mitumba. Inafanya kazi vizuri. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kelele. Ndani yake kulikuwa na feni tatu ndogo, na zikianza kuzunguka unadhani jirani kafungua mashine ya kusaga.

Kwa kwaya ya watu thelathini si neno, wanaifunika kwa sauti zao. Lakini safari hii haikuwa kwaya. Alikuwa baba mkwe.

Baba mkwe ni mkulima wa ndizi na chai kule Nkunga, na ni mtunzi wa nyimbo za kanisani. Nyimbo zake zinaimbwa huku na watu wasiojua hata kwamba ni zake, na nyingine nyingi hazijawahi kuimbwa na mtu, ziko kichwani mwake tu. Sauti yake ni ya chini, laini, ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Na shingoni ana rovu, limekua mpaka kola haifungi. Tangu niolewe nimekuwa nikisema likatolewe, likatolewe, likatolewe. Mwishowe amekubali. Jumatatu anapelekwa Mbeya kupasuliwa.

Na hapa ndipo usingizi wangu ulipokwenda. Kisu cha kazi hiyo kinapita jirani kabisa na mishipa ya sauti. Wengi huamka na sauti zao. Wachache hawaamki nazo. Mimi ninayejua hivyo ndiye niliyemsukuma, kwa hiyo nilikula kiapo kwamba haendi huko kabla nyimbo zake hazijaingia kwenye mashine yangu.

Ila kuna jambo lingine, na Wanyakyusa watanielewa. Kwa desturi ya wazee wa huku, mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hamsalimii, hamtazami usoni. Ni heshima, wala si ugomvi. Vijana wengi wameshaacha, lakini baba mkwe hajaacha. Akiingia mlango wa mbele, mimi natoka wa nyuma. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilidhani ananichukia, nikalia sana, mpaka mama mkwe akanikalisha chini akanifafanulia. Tangu hapo maneno yetu yote yanapita kwa Lusajo.

Basi Jumamosi iliyopita alikuja. Mimi nikakimbilia jiko la nje. Lusajo akamkalisha mbele ya maikrofoni, akabonyeza nilipomwelekeza, tukasubiri. Kimya. Yaani kimya cha baba mkwe, maana mashine ilikuwa inanguruma tu. Baada ya muda Lusajo akanijia jikoni machozi yakimtoka kwa kicheko.

"Baba anasema, mwambie mama Tusekile nasubiri. Hiyo mashine ikimaliza kuimba, ndipo nianze mimi."

Mama Tusekile ndiye mimi, kwa jina la mwanangu, na sikucheka. Nilipandwa na hasira, na mtu mwenye hasira hushauri upuuzi. Nikamwambia achomoe nyaya za feni zote. Hii si Tukuyu? Hapa mchana watu tunavaa makoti, feni ya nini? Lusajo akachomoa, nyumba ikatulia, na mzee akaimba. Nilimsikia kupitia ukutani, nikaona nimepata.

Kumbe baridi ya Tukuyu inaishia nje ya boksi. Ndani yake kulikuwa kunachemka. Na juu yake, shajara, juu yake kulikuwa na kitambaa cha kufuma cha mama mkwe. Mnajua vitambaa vyetu. Televisheni ina chake, redio ina chake, kila kochi lina chake, kwa nini kompyuta ikose? Cha kompyuta alikifuma kwa vipimo, kikashuka mbele na nyuma mpaka kwenye matundu yote ya hewa, na kingo zake maua ya waridi. Katikati ya wimbo wa pili mashine ikazimika yenyewe. Yote aliyoyaimba yakapotea.

Mzee hakugomba. Aliuliza wimbo umekwenda wapi, Lusajo akamwonyesha kioo kilichozimika. Ndipo mzee akachukua fimbo yake akasema, "Basi, Mungu ameshausikia." Akaondoka.

Heri angenigombeza. Nilikaa kwenye kigoda jikoni nikalia, na chakula kikaungua.

Siku yangu ya mapumziko nikapanda Mbeya. Kwenye duka la vipuri, jamaa mmoja mwenye mdomo akanitolea feni za taa. "Dada, hii ndiyo habari ya mjini. Inawaka bluu, inawaka nyekundu."

Nikamwambia sifungui disko. Nataka feni isiyosikika. Iwashe nisikie.

"Dada, watu wote wananunua kwa kuangalia."

"Watu wote hawarekodi baba zao wakwe. Zima na huo muziki."

Akazima, midomo kaivuta mpaka puani. Nikaanza kazi. Kila feni niliizungusha kwanza kwa kidole. Nzima huendelea kuzunguka yenyewe, polepole, bila neno, na iliyochoka hukwaruza kisha ikagoma. Zilizofaulu akaziunganisha na umeme, nami nikaziweka sikioni moja moja, halafu mbele ya uso, niupime upepo wake kwa shavu. Wateja wakajaa mlangoni kumwangalia mwendawazimu. Mwendawazimu akajifunza hivi: feni ndogo, ili isukume hewa ya kutosha, lazima ikimbie mbio, na mbio ndizo kelele. Feni pana inasukuma hewa ileile kwa kutembea tu. Nyuma ya kila moja kuna kibandiko kinachosema inazunguka mara ngapi kwa dakika. Nikatafuta pana kuliko zote zenye namba ndogo kuliko zote. Nikapata mbili, nyeusi, hazina taa wala sura. Jamaa akanifungia akisema hajawahi kuona mteja msumbufu kama mimi. Nikamshukuru.

Feni pana hazikuingia kwenye matundu ya zamani, kwa hiyo fundi wa mageti wa Msasani, hapahapa Tukuyu, akanikatia bati. Skrubu sikutumia, maana skrubu hupeleka mtetemo wa feni kwenye boksi zima. Nilikata vipande vya tyubu ya baiskeli nikazining'iniza feni kwenye mpira. Ile ndogo iliyokaa juu ya prosesa, yaani ubongo wa mashine, ambayo haikwepeki, niliipa tone la mafuta ya cherehani, ikaacha kulalamika.

Nikawasha kwa mbwembwe. Baada ya muda boksi likawa la moto vilevile! Nilitaka kulitupa kwenye migomba. Nikachukua kipande cha karatasi ya chooni nikakishika mbele, kikavutwa ndani. Nikakishika nyuma, kikavutwa ndani. Loo, mjinga mimi, nilikuwa nimefunga feni zote mbili zinaingiza hewa, hakuna inayoitoa! Nikaigeuza ya nyuma. Karatasi ikavutwa mbele, ikapeperushwa nyuma. Nikaicheza ngoma ya kwetu peke yangu pale sebuleni.

Ikabaki siasa ya kitambaa. Jana mama mkwe alishuka kutoka Nkunga na mkungu wa ndizi, akaikuta mashine wazi. Akashika kifua.

"Mwanangu, umeiacha uchi namna hii, na kesho unataka baba yako aje?"

Nimeshahudumia wagonjwa wakorofi wa kila aina, lakini mama mkwe anahitaji adabu zaidi. Sikubishana. Niliushika mkono wake nikauweka nyuma ya boksi. Akausikia ule upepo wa uvuguvugu.

"Kumbe inapumua!"

"Inapumua, mama. Na kitambaa chako kinaiziba pua."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha yeye mwenyewe akakikunja kitambaa mara nne, akaniambia niinue boksi, akakitandika chini yake. "Basi ikikalie. Hakuna mgeni anayekalia mbao tupu kwangu." Shajara, nakuapia, palepale ule mvumo mdogo uliokuwa umebaki, wa boksi kugusana na meza, ukafa. Nikamkumbatia mpaka kilemba kikamvuka.

Leo sasa.

Mzee alikuja ukungu ukianza kuinuka. Kumbe alikuwa ameapa harudi, mama mkwe ndiye aliyemwambia mashine imefunzwa adabu. Kuku nimewafungia, jirani nimemwomba azime redio, na mimi jikoni nje, sufuria ya ndizi nimeiteremsha ili isichemke kwa kelele. Lusajo akabonyeza. Punde akatoka mbio.

"Baba anasema mashine imezimika."

Kuingia siwezi. Nikamwambia atazame kwenye kioo, mistari inatembea au imesimama? Akarudi, akachungulia, akanipungia kupitia dirishani. Inatembea! Ilikuwa hai kabisa, ni vile tu haikusikika. Mzee alikataa kuamini mpaka alipoligusa boksi kwa kiganja.

Dakika chache mlango ukafunguka tena, Lusajo huyo.

"Kanifukuza. Anasema sasa kelele iliyobaki ni ya pua zangu."

Nilijaza kitenge mdomoni nisicheke nikasikika. Shajara, unajua maana ya hilo? Mashine ile ya kusaga sasa iko kimya kuliko pua ya mtu!

Akaimba. Peke yake humo ndani, mlango umefungwa, aliimba mpaka jua likapenya ukungu. Nyingine nilizijua. Nyingi sijawahi kuzisikia. Mimi na Lusajo tulikaa kwenye kigoda kimoja tumeshikana mikono kama wachumba, na umeme haukukatika, na mvua haikunyesha. Alipomaliza aligonga mlango kwa fimbo, nami nikapita nyuma ya nyumba ili aondoke.

Ndipo nikaingia. Boksi nililigusa, likawa vuguvugu tu, kama paji la mtoto mzima wa afya. Nikavaa hedifoni. Kati ya wimbo na wimbo hakuna mvumo, hakuna mkwaruzo. Unamsikia akimeza mate. Unamsikia akivuta pumzi na pumzi ikipita pale penye uvimbe. Niliruka mbele mpaka wimbo wa mwisho, nione umeisha salama.

Uliisha. Lakini kurekodi kulikuwa kunaendelea, naye alikuwa hajagonga mlango. Akakohoa kidogo. Halafu akasema, kwa Kiswahili, kwa sababu anajua Kinyakyusa changu ni cha sokoni:

"Mama Tusekile. Haya siwezi kukwambia ukiwa mbele yangu, nawe unajua. Humu si mbele yangu. Lusajo amesema unaogopa hii shingo. Usiogope. Hukunisukuma, mwanangu, nakwenda mwenyewe. Nikirudi bila sauti, usilie jikoni. Sauti nimeshaitoa, unayo wewe. Ndaga fijo."

Ndaga fijo ni asante sana. Miaka yote hii, ni mara ya kwanza kusema na mimi.

Nililia hedifoni zikiwa masikioni, nikarudisha nyuma, nikalia tena. Lusajo aliuliza kuna nini, nikamwambia subiri, hii kwanza ni ya kwangu. Nyimbo zitakwenda kwa kwaya. Maneno hayo hayaendi popote.

Kesho tukitoka ibadani nitakaa mimi mbele ya maikrofoni, nibonyeze, nimjibu. Lusajo atamvisha hedifoni hospitali kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Sijajua yote nitakayosema. Mwanzo ninao: nitampa shikamoo, ambayo sijawahi kumpa kwa mdomo wangu.