Simu ya Kitandani kwa Babu Yako

Nyamasaria,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa mjukuu wangu Calvince,

Nakusalimu wewe, na Debra mke wako, na huyo mtoto mnayemlisha chipsi mpaka mashavu yamefunika macho. Mimi ni mzima. Goti linauma, mdomo hauumi. Je, huko Nairobi mnalala salama? Naandika kwa mkono wangu, ingawa niliishia darasa la nne, kwa sababu kwa simu ungenikata kabla sijamaliza.

Ulinituma kwa Obeid, mwenye hospitali, nikuombee kazi ya kuweka simu kwenye tawi lake jipya la Luanda Kotieno. Ulisema mume wangu alifia kwake, kwa hiyo hawezi kuninyima. Mdomo wa kusema hayo uliupata wapi? Hata hivyo nilienda.

Nilimkuta na Naswa, yule fundi uliyesema anafaa kutengeneza pasi. Alikuwa amefungua swichi uliyoiweka hapo hospitalini, kile kisanduku kinachogawa mtandao wa simu za vitandani, kamera na kompyuta. Nikamwambia anieleze polepole, maana mzee wangu alikufa ameshika simu ya kitandani isiyoita.

Naswa alisema sauti huwekewa njia yake ndani ya swichi, ipite mbele, picha za kamera zisubiri. Wewe ulirundika vyote pamoja. Tena akasema ncha zote mbili za waya mmoja zikichomekwa kwenye swichi, mambo yanazunguka humo bila kutoka na simu zote zinakufa. Kuna kinga ya kuzuia hilo. Inafunga tundu lenye kosa na kwingine kunaendelea. Kinga hiyo uliizima wewe, kwa kuwa ilikuwa ikifunga tundu la mapokezi na ulichoka kuitwa uje kulifungua. Uvivu, Calvince. Umeutoa wapi, sisi tunalima?

Siku ya mazishi, mbele ya jeneza, ulishika maikrofoni ukasema Milka mfagizi wa hospitali ndiye aliyechomeka waya vibaya akamuua babu yako. Watu wakamzomea huku amebeba maji ya wageni. Kesho yake akafukuzwa kazi. Mpaka leo wanawe wanaitwa watoto wa muuaji wakienda kuchota maji.

Sasa kaa chini. Asubuhi ya kifo chake, ulipokuja hospitalini kumwona babu yako, hukumaliza hata soda. Mimi nilikuwa natoka kwenda Mamboleo kununua unga wa uji wake, nimemwambia akibanwa pumzi ainue simu, muuguzi atasikia. Nilikupita ukumbini, mbele ya kabati la swichi, simu umeibana begani, unacheka na mtu habari za gari. Waya ulikuwa unaning'inia kutoka kwenye swichi, ncha moja imechomekwa. Uliushika ukauchomeka kwenye tundu tupu bila kuutazama, ukaondoka. Niliona kwa macho haya. Sikujua nimeona nini mpaka Naswa aliponieleza. Wewe ulijua, ndiyo maana uliwahi maikrofoni.

Nimemwambia Obeid yote. Kazi ya Luanda Kotieno amepewa Naswa, na aliyekunyima ni mimi. Milka ameitwa arudi, hajajibu. Nilienda kwake pia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Sikugonga tena.

Jambo moja sikukwambia matangani. Waliomwosha babu yako walihangaika kumtoa ile simu mkononi. Ilibidi wamkunjue kidole kimoja kimoja. Nilikuwepo, nilishika taulo.

Ukija nyumbani, usianzie kaburini. Anzia kwa Milka, mchana, mbele ya wale wale waliomzomea. Akikufungia mlango, kaa hapo nje. Kwangu hakuna kiti.

Mbusu mtoto. Debra nimeshamwambia barua inakuja, kwa hiyo usiifiche. Msomee mwenyewe, kwa sauti.

Ni mimi Dani, bibi yako,
Dorca.